Valvu ya chuma: niache warfarini nihamie vidonge vipya?

Mama Pacha:
Za jioni wapendwa. Nilibadilishiwa valvu ya mitrali (mlango mmojawapo wa moyo) 2019, ya chuma, ile ya kuzaliwa nayo iliharibiwa na homa ya rumatiki ya utotoni. Usiku kukitulia inasikika, tik tik. Kulwa akinilalia kifuani husema, "mama umemeza saa."

Nameza warfarini ya kuzuia damu isigande kwenye hiyo chuma, na INR yangu (kipimo cha damu inachelewa kiasi gani kuganda) inatakiwa iwe 2.5 hadi 3.5. Sasa nilikuwa msibani kijijini wiki mbili, kisamvu mchana, kisamvu usiku (na mboga za majani hushusha INR), na pa kupimia hakuna. Nimerudi, leo nimepima: 1.6. Muuza duka la dawa anasema najitesa bure, siku hizi kuna vidonge vya kuzuia damu kuganda ambavyo havitaki vipimo wala kuogopa mboga. Shemeji yangu anavimeza tangu damu imgande mguuni, yuko vizuri tu. Nihamie?

Mzee wa Tik Tik:
Dada, usithubutu. Shemeji tatizo lake ni mshipa wa mguu, wewe una chuma ndani ya moyo. Dabigatrani, kimojawapo cha hivyo vidonge vipya, ilijaribiwa kwa wenye valvu kama zetu, utafiti ukasimamishwa 2012: damu iliwaganda zaidi na kutokwa damu pia kulizidi. Apiksabani, kidonge kingine kipya, nayo ikashindwa 2022. Sisi ni warfarini tu.

Kinachonitisha ni hiyo 1.6. Usingoje tarehe ya kliniki, nenda leo. Huenda wakakuchoma heparini (sindano ya kuzuia damu kuganda, hufanya kazi haraka) kwa muda, maana warfarini unayomeza leo kipimo kinaiona baada ya siku mbili tatu. Na usijiongezee kidonge mwenyewe!

Mboga usiache. Kula kiasi kilekile kila wiki. Mimi mchicha ni Jumatano na Jumamosi, mke wangu keshazoea.

Nesi wa Zamu:
Naongezea. Mlio ukififia, pumzi ikikata, mdomo ukipinda au mkono ukafa ganzi, ni hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane. Na ukiandikiwa Flagyl au Septrin, taja warfarini kwanza, maana hupandisha INR. Diklofenaki ya maumivu usiiguse.

Mama Pacha:
Asanteni jamani. Nimemwita Kulwa asikilize, kasema saa haijasimama. Bodaboda yuko mlangoni, naenda.