Naomba ushauri: neno "revert" katika karatasi ya Kiingereza lina maana gani hasa?

Bint Kisauni: Wanajukwaa wenzangu, hamjambo. Nimekuwa karani hapa Mombasa kwa miaka sita, na katika barua zetu zote za ofisini neno "revert" tumelitumia kwa maana ya kujibu. Mteja akiandika kwamba atafanya "revert" kesho, tunajua kuwa kesho atatuletea jibu. Sasa nina karatasi ambamo neno hilo limetumika kuhusu jengo, na tangu jana sijapata usingizi. Naomba mnieleze kama lina maana nyingine, na ni ipi iliyo sahihi.

Mkalimani wa Tanga: Dada, asili yake ni Kilatini, ambako "vertere" ni kugeuza, na "re" inaleta dhana ya kurudi. Ndugu zake ni "divert", yaani kuchepusha, na "invert", yaani kupindua. Maana ya msingi ya "revert" ni kurudi katika hali ya awali au kwa mwenyewe wa awali. Ile ya kujibu imeenea katika ofisi za Afrika Mashariki na India, na Waingereza wengi huiona ngeni, ingawa mimi siioni kuwa kosa la aibu, kwa sababu neno la Kiarabu "radd", lililotupatia kitenzi chetu "rudi", nalo hubeba kurudisha na kujibu kwa pamoja. Sisi Waswahili tukaongeza letu, maana mzazi humrudi mwanawe anapokosea.

Ustadhi wa Lamu: Niliishi Uingereza miaka mingi, na huko Waislamu wengi humwita aliyesilimu "revert" badala ya "convert", kwa kuwa tunaamini kila mtoto huzaliwa katika fitra, yaani maumbile ya asili ya kumwamini Mungu mmoja, hivyo anayesilimu amerejea alikotoka. Nilimshuhudia kijana mmoja akitoa shahada, na neno hilo alilitamka huku akilia. Kwangu mimi hiyo ndiyo maana yake bora.

Mhariri wa Usiku: Katika Wikipedia, "revert" ni kufuta mabadiliko aliyoyafanya mtu na kurudisha makala ilivyokuwa. Katika Wikipedia ya Kiingereza, anayefanya hivyo zaidi ya mara tatu kwa saa 24 katika ukurasa mmoja anaweza kufungiwa. Niliwahi kuandika aya ndefu kuhusu mji wetu, ikaondolewa kabla sijamaliza chai, na uchungu wake ninao hadi leo.

Fundi wa Mawe: Mnamfundisha lugha, lakini yeye ana jengo. Dada, hiyo karatasi ni ya nini, na jengo liko juu ya ardhi ya nani?

Bint Kisauni: Ni mkataba wa kukodi kiwanja kwa miaka kumi, ambapo nitajenga duka la ushonaji. Umeandikwa kwamba muda ukiisha, vyote vilivyojengwa vitafanya "revert" kwa mwenye kiwanja. Nilimuuliza wakala, akaniambia maana yake ni kwamba tutaandikiana barua kuhusu jengo hilo. Mwenye kiwanja ni mtu wa heshima, babu yake na babu yangu walisali msikiti mmoja. Tena kwetu nyumba bila shamba si jambo geni: bibi zetu wa Majengo walijenga juu ya ardhi za watu, wakalipa kodi ya ardhi, na nyumba zikabaki zao.

Wakili Mstaafu: Mwanangu, tazama ni nani mtenda wa kitenzi hicho. Mtu akifanya "revert" kwako, huenda anakujibu, lakini jengo haliandiki barua. Katika mikataba, mali inayofanya "revert" inarudi kwa mwenyewe. Eneo la New Territories la Hong Kong, ambalo Uingereza ililikodi kwa China mwaka 1898 kwa miaka 99, lilirejea China mwaka 1997 pamoja na kila ghorofa lililosimama juu yake. Utauliza duka litarudije kwa mtu ambaye hakuwahi kulimiliki. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu sheria tuliyoirithi kwa Waingereza huhesabu kilichoshikamana na ardhi kuwa sehemu ya ardhi. Desturi ya bibi zako iliwalinda kwa kuwa wote wawili waliikubali, ilhali mkataba wako unasema kinyume chake kwa maandishi. Je, umeshatia sahihi?

Bint Kisauni: Nilitia sahihi Ijumaa. Msingi umekwisha, na fedha ni za dhahabu aliyoniachia marehemu mama. Ningechelewa, kiwanja kingechukuliwa na mwingine, na miaka kumi ni mingi.

Mama Salha: Dhahabu ya marehemu haiwekwi juu ya karatasi usiyoielewa. Ungewaita wajomba zako kwanza.

Msema Kweli: Mimi sisadiki. Karani wa miaka sita, neno moja lenye maana mbili, na wakala aliyechagua ile maana ya ofisini: hili ni zoezi la darasa la tafsiri, na mwenye uzi anatafutiwa majibu.

Bint Kisauni: Kaka, natamani lingekuwa zoezi. Ni kifungu cha 14, na wameandika "revert back".

Mkalimani wa Tanga: Mimi namsadiki. "Back" hapo imezidi, kwa kuwa kurudi kumo tayari ndani ya "re", na walimu hukemea kosa hilo kila mwaka. Anayetunga zoezi la neno hili asingetia kosa hilo bila kuliulizia swali. Nahisi aliyeandika mkataba huo si mwanasheria.

Wakili Mstaafu: Basi sitisha kuta. Mtafute wakili akuandikie nyongeza ya mkataba, kwa Kiingereza na Kiswahili, mwenye kiwanja atie sahihi mbele ya mashahidi: ama jengo liwe lako na uruhusiwe kulibomoa na kuondoka na vifaa vyako, ama ulipwe thamani yake. Halazimiki kukubali, ila kumwomba sasa ni rahisi kuliko baada ya kuezeka.

Bint Kisauni: Na Kiswahili chake tuandikeje? "Majengo yatarejea kwa mpangaji"?

Wakili Mstaafu: Hapana. Andika "yatabaki mali ya mpangaji", maana hayajaondoka kwako.

Bint Kisauni: Nimeshamwambia fundi asije kesho. Mjomba atanisindikiza kwa mwenye kiwanja Alhamisi baada ya sala ya alasiri.