Naomba ushauri: mtoto anachanganya e na i kwenye nukta nundu

Habari zenu wapendwa, naombeni msaada. Namfundisha mtoto wa miaka 6 asiyeona tangu kuzaliwa kusoma nukta nundu (maandishi ya nukta zilizoinuka yanayosomwa kwa vidole). Herufi a, b, c na l anazitambua vizuri. Shida ni e (nukta 1 na 5, yaani juu kushoto na katikati kulia) na i (nukta 2 na 4, yaani katikati kushoto na juu kulia), maana zimegeuziana kama kwenye kioo. Akizifikia kidole kinakwama, anasugua juu chini mpaka nukta zinalala. Inaniuma, hadithi anazipenda mno. Kwenye trei ya mayai ya matundu 6 na vimpira, ambapo kila tundu ni nafasi ya nukta moja, hakosei kabisa. Kwenye karatasi ndipo anapotea.

Je, niiweke i kando hadi e imkae? Na nimzoesheje kutelezesha vidole bila kusugua?