Naomba ushauri: kesi iliondolewa, lakini cheti cha polisi bado kinaionyesha

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Mdogo wangu alishtakiwa kwa wizi huku Kenya mwaka 2019, na kwa kuwa mlalamishi hakufika kutoa ushahidi, upande wa mashtaka uliiondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai. Sasa amepata kazi ya ulinzi, lakini cheti cha maadili mema alichoomba kimetoka na mstari mmoja unaosema kwamba kesi ingali mahakamani.

Ninavyoelewa, kesi ikiondolewa hivyo kabla ya mshtakiwa kujitetea, huachiliwa tu na anaweza kushtakiwa upya, tofauti na kifungu cha 204 ambapo mlalamishi mwenyewe akiiondoa, mshtakiwa huhesabiwa hana hatia. Je, nakala ya uamuzi yenye muhuri wa mahakama, ikipelekwa kwa polisi pamoja na barua, inatosha kurekebisha rekodi, au ni lazima wakili afungue ombi Mahakama Kuu? Karani wa masjala amemwambia faili imo ghalani na arudi baadaye, jibu ambalo mwajiri hatalipokea. Aliyepitia njia hii tafadhali anieleze alianzia ofisi gani.