Uzio wa umeme kuzunguka Msitu wa Kakamega: mimi napinga. Wewe je?

Mwana wa Isukha

Mulembe wote. Nauleta mjadala huu hadharani kwa sababu sokoni Khayega na Shinyalu unazungumzwa kwa minong'ono tu, na kila mtu ana habari yake. Wazo la kuuzungushia Msitu wa Kakamega uzio wa umeme lina watetezi wengi, na hoja yao naielewa: msitu unaliwa kutoka pembeni, askari ni wachache, basi tuweke waya. Nimezaliwa na kulelewa kando ya msitu huu, naupenda, na uzio huo siutaki. Nitaeleza sababu, kisha wenye maoni tofauti wanijibu bila kunionea haya.

Huu ndio msitu wa pekee wa mvua uliobaki Kenya ambao ni wa ukoo mmoja na ile misitu mikubwa ya Kongo. Ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1933, wakati watu bado wanamiminika Kakamega kutafuta dhahabu. Kwenye karatasi ni kilomita za mraba zipatazo 240, ila miti ya asili iliyosimama hadi leo haifiki huko. Buyangu, upande wa kaskazini, ni hifadhi ya taifa tangu katikati ya miaka ya 1980, leo chini ya KWS, shirika la wanyamapori, na huko hata kijiti hauokoti. Isecheno, upande wa kusini, ni kwa KFS, shirika la misitu: unalipia kibali, unaingia, unaokota kuni zilizokauka na kukata majani ya mifugo. Msitu ni mmoja na taratibu ni mbili.

Sasa tuangalie nyua zenyewe zinazotolewa mfano. Ule wa Aberdare, ulioanza kujengwa 1989 ukakamilika 2009, una urefu wa kilomita 400 hivi, na ulianza kwa ajili ya faru na tembo. Tembo alikuwa akitoka usiku anamaliza shamba la mtu. Kwetu Kakamega tembo na nyati walitoweka zamani. Waliobaki ni mbega, kima, nyani, kima wa De Brazza kule Kisere, kipande kidogo cha msitu upande wa kaskazini, na ndege wa kila namna. Mbega anapita juu, hana habari na waya. Basi huo umeme unamsubiri nani? Unamsubiri mama mwenye kamba ya katani begani.

Na mwizi wa mbao je? Gogo la Elgon teak, mti wa mbao ngumu, halibebwi kichwani. Linapasuliwa kwa msumeno wa petroli unaosikika hadi kijiji cha pili, kisha linatoka kwa barabara, kwa gari, mbele ya watu. Aliyeshindwa kulisimamisha gari barabarani atalisimamishaje kwa waya ambao lazima uwe na lango la magari?

Nendeni mkautazame mti mmoja wa mwiritsa uliochunwa. Gome limetolewa kuzunguka shina lote, kuanzia mizizini hadi pale mkono wa mtu mzima unapofika, mbao ya ndani imegeuka rangi ya kutu, na juu kabisa majani yanapukutika tawi baada ya tawi. Gome hilo linatengeneza dawa ya tezi dume inayouzwa ng'ambo, na biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa kwa mkataba tangu 1995. Bibi yangu alikuwa akichuna kipande cha kiganja upande mmoja wa mti, na mti unapona. Anayechuna mti mzima ana mnunuzi anayemngoja, na mnunuzi huyo haishi kando ya msitu.

Jambo jingine: uzio tumewahi kuwekewa. Mwaka 1986 serikali ilileta ukanda wa chai ya Nyayo, na lengo lilikuwa hili hili la kututenga na msitu. Ili chai ipandwe, msitu wenyewe ulifyekwa pembeni. Pia tukumbuke mvua yetu, karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Nyasi zinaota usiku na mchana, na nyasi ikigusa waya umeme unavuja. Waya usiofyekewa kila mara hauna kazi. Nani atalipa wafyekaji mradi ukishafunguliwa na wageni wakaondoka?

Muongoza wageni, Isecheno

Ndugu yangu, umesema mengi ya kweli lakini huyo mama wa kuni umemsafisha kupita kiasi. Mimi niko ndani ya msitu karibu kila siku, nakueleza ninachokiona. Kibali kinasema kuni kavu zilizoanguka, bila panga wala shoka. Basi mtu anaingia leo na kipanga kimefichwa ndani ya kanga, anakata miche mibichi yenye unene wa kifundo cha mkono, anailaza chini ya majani na kwenda zake. Baada ya wiki kadhaa anarudi, imekauka, anafunga mzigo na kupita mbele ya askari na kibali mkononi. Kwa macho ya askari hana kosa. Hiyo miche ndiyo iliyokuwa iwe Elgon teak ya wajukuu zetu.

Ongeza ng'ombe. Pale wanapolala mchana hakuna mche unaoinuka, panabaki mapera na nyasi. Nenda Buyangu ujionee tofauti: kichaka kimefungana, miti michanga imejaa. Huko hakuna siri yoyote isipokuwa mtu na ng'ombe hawaingii. Mimi nakula kwa wageni wanaotoka mbali kumtafuta turako mkubwa wa buluu, na naona aibu kuwapitisha katikati ya visiki. Kama waya ndio utaleta Buyangu huku kwetu, waya uje.

Mkulima wa Kabras

Mimi nasema nyani tu. Mahindi yakianza kukomaa watoto hawaendi shule, wanashinda shambani na manati. Hakuna aliyewahi kunilipa hata gunia moja. Kama uzio utapunguza nyani hata nusu, mimi niko tayari kuchimba mashimo ya nguzo bila malipo. Nyinyi mnaobishana kuhusu haki, njooni mlinde shamba langu wiki moja ya mwezi wa saba.

Mtu wa Gilgil

Habari zenu wa magharibi. Huku kwetu Nakuru, Msitu wa Eburu ulizungushiwa uzio wa kilomita 43, ukakamilika 2014. Kabla ya hapo moshi wa tanuri za makaa ulikuwa unauona ukiwa barabarani. Sitadanganya kwamba kila mtu alifurahi. Lakini mkulima wa pembeni sasa analala, na msitu unaonekana umepumua. Kilichosaidia ni kwamba waliosimamia waliajiri vijana wa hapo hapo kuufyekea na kuukagua waya, sehemu kwa sehemu. Kijana anayepata riziki kwa waya hawezi kukubali ukatwe. Kwa hiyo swali la nani atafyeka lina jibu, mradi muliulize kabla nguzo ya kwanza haijasimama.

Mkaazi wa Nakuru Mjini

Mzee wa Gilgil, Eburu sawa, lakini wenzetu wajue pia habari ya mbuga iliyo mlangoni petu. Ziwa Nakuru limezungushiwa uzio, na tangu 1987 ni hifadhi ya faru. Faru wamepona kwa sababu hiyo na hilo silipingi. Lakini uzio ni wa pande zote mbili. Ziwa lilipoanza kupanda miaka ya 2010 likameza lango kuu la zamani na malisho ya kando, heroe waliruka wakaenda Bogoria na maziwa mengine. Nyati na twiga walibanana mle mle. Na sisi wa mjini, tunaoishi ukuta kwa ukuta na mbuga, wako watoto wengi waliomaliza shule bila kuingia hata mara moja kwa sababu ya kiingilio. Mahali palipofungwa huwa pana bei. Watu wa Kakamega waulize mapema: njia ya kupanda kilima cha Lirhanda Jumapili itabaki bure kwa mwenyeji, au itakuwa ya mgeni mwenye tiketi?

Mwana wa Isukha

Nimewasoma wote. Muongoza wageni, ujanja huo wa miche naufahamu na haunifurahishi. Lakini tazama ulivyoueleza: mzigo unapita mbele ya askari. Siku tukiwa na uzio utapita mbele ya askari yule yule, pale langoni. Tatizo ni ukaguzi. Kuhusu ng'ombe niko upande wako: ndani ya msitu wa asili wasiingie, wabaki kwenye mbuga za nyasi zilizotengwa, na chama chetu cha msitu kilisimamie hilo chenyewe.

Maana sheria tunayo. Sheria ya misitu ya 2016 inaruhusu chama cha wanajamii kuwekeana mkataba na KFS, na ndani ya mkataba huo kuna kuni, asali, dawa za mitishamba, majani ya mifugo, hata utalii. Katiba nayo, kifungu cha 62, inasema msitu wa serikali ni ardhi ya umma. Ninachotaka ni pesa za nguzo na waya ziende kwanza kwa maskauti, yaani walinzi wa msitu wa vijijini, wenye mshahara wa kueleweka, wanaojua kila njia na kila mchunaji wa gome kwa jina. Pesa nyingine ziende kwenye vitalu, kila boma la pembeni liwe na miti yake ya kuni. Miaka mitano hivi. Ikishindikana, leteni waya na mimi sitasimama njiani.

Mkulima wa Kabras, kwako sina jibu la waya. Nyani ni mwerevu, anatafuta mti ulioinamia uzio. Hata hivyo una haki ya kulipwa, na hilo tuliweke kwenye madai yetu bila kujali uzio unakuja au hauji.

Mwalimu wa Kisumu

Miaka mitano ni mingi kwa msitu unaopoteza miti kila wiki. Ungekubali uzio uanze upande mmoja tu ulioathirika zaidi, huku maskauti wakijaribiwa upande mwingine? Tutalinganisha kwa macho badala ya kubishana.

Mama wa Shinyalu

Watoto wangu, mimi ndiye yule mama wa kamba mnayemzungumzia. Mahenjera, yaani mahindi na maharagwe, yanachemka nusu siku, gesi haiyawezi kwa mfuko wangu. Kukiwa na matanga hapa nyumbani, watu wanakuja mamia na sufuria hazitoki motoni siku tatu. Mimi sikati mibichi, na wanaokata nawajua, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza. Mwalimu, jaribio lako silikatai. Nataka nijibiwe haya kabla ya nguzo: kutoka lango moja hadi lingine ni mwendo gani kwa mtu mwenye mzigo kichwani? Linafungwa saa ngapi? Ufunguo unakaa kwa nani, na siku ya msiba nikimpigia usiku atanifungulia?