Ziara ya jioni Phnom Penh: chakula cha barabarani na michoro ya ukutani

Bahari_Amu: Asalaam aleikum. Tuko wanne kutoka Lamu, twenda Kambodia mwezi wa 7. Twataka ziara ya jioni na kiongozi. Halali itapatikana? Tutoke saa ngapi?

Mkunguni: Waaleikum salaam ndugu. Tokeni saa 10. Jua huzama kama saa 12 na nusu, na rangi za michoro ya mtaa wa Boeung Kak hupotea gizani. Kwanza kuta, kisha kula. Ni msimu wa mvua, vaeni makubadhi.

Mama_Kaskazi: Wanangu, mwelezeni kiongozi kabla ya kulipa. Kusema "ng'ombe tu" hakutoshi: kikaango cha lort cha (tambi fupi za mchele, yai na chipukizi za maharagwe) mara nyingi hukaangiwa nguruwe pia. Ulizeni hata mafuta. Msikiti wa Al-Serkal uko Boeung Kak hapo hapo. Anzieni kwa wauzaji Waislamu wa Kicham (kabila la huko). Mishikaki yao ya ng'ombe hurowekwa kwa mchaichai, huliwa na achari ya papai bichi. Tamu mno!

Mkunguni: Dola 1 ni kama riel 4,000 (pesa za Kambodia). Bebeni noti ndogo. Dola iliyochanika hukataliwa.