Kulisha ndege wa uani wakati wa baridi: huruma au kufuga panya?

Mpangaji wa Reading
Wakuu, salaam. Niko Reading, Uingereza, huu mwaka wa sita. Uani nimetundika kopo la waya lenye karanga na alizeti, na tangu Novemba ndege wamejaa: robini, wale wadogo wenye kofia ya buluu na kifua cha njano, shomoro, na njiwa wanono wasio na haya. Juzi jirani kagonga mlango, bibi wa Kizungu, kaniambia kwa upole kabisa kwamba naita panya, na juu ya hapo nawaua ndege wenyewe kwa magonjwa. Mke wangu anasema tukikatisha sasa hivi na barafu yote hii, hapo ndipo tutakuwa tumewaua. Niendelee au niache? Na panya nawafanyaje?

Dungu la Mbarali
Ngoja nicheke kwanza. Mwaka jana mwezi wa nne nimelala shambani wiki tatu, juu ya dungu, sauti imekauka kwa kuwapigia kelele, na vijana watatu nawalipa kuamia ndege wasinimalizie mpunga. Kumbe kuna mahali watu wanalipa ndege WAJE.

Kisonoko
Hiyo hela ya karanga ungemtumia mama yako kijijini.

Mpangaji wa Reading
@Kisonoko mama yangu humjui. Bima yake ya afya nalipa mimi, bati la nyumba nimeezeka mimi. Karanga ni pauni chache kwa mwezi. Wewe bia zako unamtumia nani?

Kisonoko
Umejuaje nakunywa bia? Umepanic mapema.

Shangazi wa Leicester
Wanangu, punguzeni moto. Mpangaji, mimi nalisha ndege tangu watoto wangu wako shule ya msingi, na sasa nina wajukuu. Sikiliza.

Huyo wa kofia ya buluu ana gramu 11 hivi, uzito wa barua. Desemba urefu wa mchana huku haufiki saa nane. Katika saa hizo chache inabidi ale hadi apate akiba ya mafuta mwilini ya kumvusha usiku wa saa kumi na sita, na kesho aanze tena kutoka sifuri. Asubuhi moja nilimkuta mmoja ukingoni mwa beseni lililoganda, kajifutua manyoya mpaka kawa kama kitonge cha pamba, anagonga barafu kwa mdomo. Nikamwaga maji ya uvuguvugu. Hakuruka, alisogea hatua mbili tu akangoja. Kwa hiyo maji ni muhimu kama chakula, na watu huyasahau.

Lakini jirani yako hakukosea. Kuna kijidudu kinachokaa kooni mwa ndege. Aliyeambukizwa hawezi kumeza, anatema chakula chenye mate, mwenzake anakiokota. Chiriku wa kijani walikuwa wengi bustanini kwangu, siku hizi nikimwona mmoja nawaita watu. Tangu 2021 wamo kwenye orodha nyekundu ya Uingereza, ya ndege walio hatarini. Na chama kikubwa cha ndege, RSPB, mwaka 2025 kilisimamisha kuuza zile meza bapa za kulishia, maana juu yake ndege hula na kunya mahali pamoja. Osha makopo kila wiki, yakauke kabisa, na yahamishe mahali. Ukiona ndege kavimba manyoya, analala mchana na mdomo umelowa, ondoa kila kitu wiki kadhaa.

Jurawa Mjini
Shangazi shikamoo. Ila huyo "shomoro" wa huyu kaka kwetu Unguja anaitwa jurawa. Bara mna tabia ya kubadilisha majina.

Dungu la Mbarali
Shomoro ni shomoro. Jurawa ndiyo nini, jina la mtu?

Jurawa Mjini
Kiswahili kimetokea wapi? Tuanzie hapo.

Kibao cha Mbuzi
Tusianzie hapo tafadhali, ule uzi mwingine haujaisha tangu Ramadhani.

Mwea Kaskazini
Mimi nimebaki kwa huyu mzee wa dungu. Kwetu Kenya, Januari 2023 kule Kisumu, serikali iliwanyunyizia kwelea kwelea sumu kwenye mashamba ya mpunga, na ikasemwa ni ndege milioni sita. Kila mmoja anakula kama gramu kumi za nafaka kwa siku, fanyeni hesabu. Sasa Mzungu huyo huyo anayempikia robini uji ndiye wa kwanza kutuita wakatili.

Shangazi wa Leicester
Hakuna aliyekuita mkatili hapa. Ila sumu ile, fenthioni, haichagui. Mwewe akiokota kwelea aliyelewa sumu naye anakwenda. Na hao ndio askari wako wa bure.

Mwea Kaskazini
Mwewe mmoja dhidi ya milioni sita. Asante kwa ushauri kutoka Leicester.

Shangazi wa Leicester
Nimezaliwa Kilosa, mwanangu. Nimeamia ndege kabla hujazaliwa, kwa kombeo na debe bovu. Usinifundishe mpunga.

Mwea Kaskazini
Pole shangazi. Sikujua.

Darubini
Naona swali limesahaulika, acheni nilirudishe. Kuna ndege wa Ujerumani na Austria, dume ana kofia nyeusi, ambaye desturi yake ilikuwa kushuka Hispania wakati wa baridi. Sasa baadhi yao wanakuja Uingereza badala yake, kwa sababu pana chakula bustanini. Yaani tumebadilisha safari ya ndege kwa makopo ya alizeti! Tena hawa wa kofia ya buluu wanaoshiba kwetu wanaongezeka, halafu msimu wa kutaga wanawapora mashimo binamu zao wasiokuja kula. Kuna watafiti wanaosema hivyo. Kwa hiyo huruma yako kwa mmoja ni kufukuzwa nyumba kwa mwingine.

Kisonoko
"Ndege wa Ujerumani." Ana pasipoti?

Jurawa Mjini
Kisonoko kwa mara ya kwanza kanichekesha. Lakini Darubini ana hoja, na sisi Unguja ni mashahidi. Kunguru wa Bara Hindi aliletwa mwishoni mwa karne ya 19 eti ale taka za mji. Taka hazikuisha, kunguru ndio hawaishi. Wamevuka hadi Dar, Tanga, Mombasa. Wanakula makinda ya ndege wengine. Nao waliletwa kwa nia njema!

Mwea Kaskazini
Kenya 2024 ilitangazwa kwamba kunguru milioni moja wataondolewa ifikapo mwisho wa mwaka. Desemba nimekwenda Watamu na familia, mmoja kaninyang'anya chapati mkononi. Si mezani, mkononi.

Kibao cha Mbuzi
Chapati ya maji au ya kusukuma?

Mwea Kaskazini
Ya kusukuma. Iliuma.

Darubini
Kumleta ndege mgeni na kumlisha aliyepo si jambo moja, nakubali. Nilichosema ni kwamba...

Kisonoko
Mimi bado nauliza kuhusu mama.

Mpangaji wa Reading
Kisonoko utafungiwa. Shangazi, nimeosha makopo leo, maji ya moto na brashi, nje. Uchafu uliotoka umenitia aibu, karanga za chini zilikuwa na ukungu wa kijani. Mke wangu kakunja uso hajasema neno.

Shangazi wa Leicester
Hizo tupa kabisa! Karanga zenye ukungu zina sumukuvu, ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kwenye mahindi. Ndege hapati dakika. Nunua kidogo kidogo. Na ukipata alizeti iliyokobolewa, bora zaidi, haiachi maganda chini. Panya hafuati ndege, anafuata kilichoanguka. Tundika juu ya nguzo laini mbali na ukuta, weka sinia chini, jioni lifagie, na usiku kopo liingie ndani. Weka kinachomalizika siku hiyo hiyo tu. Mkate wa chumvi na wali wa viporo vya karamu usiwape.

Mpangaji wa Reading
Wali niliwapa. Wa nazi.

Jurawa Mjini
Jurawa wa Reading wanakula wali wa nazi. Unguja kilo ya mchele hatuigusi.

Dungu la Mbarali
Mpangaji, nje ya mada. Hiyo alizeti ya ndege mnanunua kwa bei gani?

Mpangaji wa Reading
Mfuko wa kilo 12 na kitu, pauni ishirini na ushee. Nyeusi, ndogo. Umeandikwa Bulgaria.

Dungu la Mbarali
Shemeji yangu yuko Singida. Nyeusi ndogo ndiyo anayolima, inakwenda kukamuliwa mafuta. Pauni ishirini?? Mfuko mmoja??

Kisonoko
Mzee wa dungu umeshuka.

Dungu la Mbarali
Sijashuka, nauliza tu. Mpangaji, hebu piga picha ya huo mfuko pande zote mbili, na inbox iko wazi.