Pesa za kupaua bweni letu Old Moshi zimekwama kwenye mfuko wa misaada Marekani, na mfuko unaendelea kukata ada

Wakuu, nimechoka kuvumilia, leo naliweka wazi.

Mimi ni katibu wa kikundi cha maendeleo huku Old Moshi. Tumesajiliwa kwa Sheria ya NGO ya mwaka 2002, cheti kipo, mahesabu yamekaguliwa. Wazazi wamechangishana hela za ndizi na kahawa, waliokosa hela wamebeba mawe na mchanga, tukanyanyua boma la bweni la wasichana wa shule ya kata mpaka lenta. Limebaki kupauliwa tu.

Mama mmoja Mmarekani, mwalimu mstaafu aliyewahi kuishi huku, akasema kenchi na bati ni juu yake. Pesa si kwamba anaitafuta, alishaitoa zamani. Iko kwenye mfuko wa misaada kule kwao, ile mifuko ambayo mtu anaweka pesa au hisa, anapata nafuu ya kodi mwaka huohuo, halafu akitaka kusaidia anaingia kwenye akaunti yake mtandaoni, anachagua shirika na kubonyeza. Tovuti yao inajinadi kwamba ni kazi ya dakika chache.

Mama alibonyeza kabla ya vuli. Vuli imepita, masika yanabisha hodi, na jibu ni lilelile: ombi linapitiwa.

Mwanzo mfumo wao ulidai namba ya mlipakodi. TIN yetu ya TRA ina tarakimu 9, na ya mashirika ya Marekani nayo ina tarakimu 9, basi mfumo ukaipokea vizuri, kisha ukajibu kwamba shirika hili halipo. Halipo! Tukatuma katiba, cheti, mahesabu, majina ya wajumbe wa bodi. Wakaomba tena katiba ileile. Mwishoni wakamwambia mama atafute shirika la Marekani lipokee kwa niaba yetu, ambalo nalo litakata chake.

Sipingi kukaguliwa. Najua sheria yao inautaka mfuko ujiridhishe kwamba shirika la nje lina hadhi sawa na la hisani la kwao, au ufuatilie matumizi senti kwa senti. Waje wafuatilie, risiti zote tutawapa, hata namba ya fundi. Ila mtu anayekagua huwa anamaliza kukagua, anakuambia ndiyo au hapana.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mama alipopiga simu kulalamika, aliambiwa kwamba kisheria pesa si zake tena, ni za mfuko, yeye anapendekeza tu. Na ni kweli, ndivyo sheria ilivyo. Taasisi binafsi za hisani kule Marekani zinalazimika kutoa takriban asilimia 5 ya mali zao kila mwaka. Mifuko hii haina sharti hilo kwa kila akaunti. Pesa inaweza kulala humo miaka na miaka, imewekezwa, na ada ya usimamizi inakatwa kwa asilimia ya salio. Sasa niambieni, anayelipwa kwa pesa kukaa ana haraka gani ya kuitoa? Mifuko ya namna hii ilianza New York mwaka 1931, hakuna wa kuniambia bado wanajifunza.

Huku wasichana wamepanga mageto karibu na shule, watoto wa kidato cha pili wanaishi bila mtu mzima. Kila mwalimu na kila mzazi wa huku anajua kinachotokea kwenye hayo mageto. Nafuu ya kodi imeshaliwa, ada inaliwa, mtoto hajapata hata bati moja.

Ninachodai ni kidogo: mfuko umwandikie mama tarehe ya uamuzi, na kama haupeleki pesa nje ya Marekani useme hivyo ukurasa wa kwanza kabisa, kabla mtu hajaweka hata dola moja.

Wenye vikundi Moshi na Arusha mnaoahidiwa na wafadhili, ulizeni mapema pesa iko mfukoni mwa mfadhili au kwenye mfuko wa aina hii, na msiweke oda ya mbao kabla haijaingia benki. Na kama kuna waliowahi kulipwa kwa njia hii, semeni mlipitia shirika gani la kati na lilikata kiasi gani. Kikao cha wazazi ni Jumapili hii na nitatakiwa kuwajibu.